Walithuania na Watonga wa Marekani: Kipato, Kaya na Majira ya Kuwasili



Nimeombwa nilinganishe hali ya maisha ya jamii mbili za uzao wa wahamiaji nchini Marekani. Ya kwanza ni ya Walithuania, ambao asili yao ni nchi ndogo kwenye pwani ya Bahari ya Baltiki. Ya pili ni ya Watonga. Sizungumzii Watonga wa bonde la Zambezi, wala wale wa ufukwe wa Ziwa Nyasa upande wa Malawi. Nawazungumzia watu wa ufalme wa visiwa vya Tonga, kusini mwa Bahari ya Pasifiki, wenye mfalme wao hadi leo.

Ukizifungua takwimu za sensa ya Marekani, utadhani shauri limekwisha kuamuliwa. Mwaka 2000, watu karibu 660,000 walijitaja kuwa na asili ya Lithuania. Watonga, ukiwajumlisha na waliochanganya asili, hawakufika 37,000. Kati ya watu wazima wenye asili ya Lithuania, karibu nusu sasa wana shahada ya kwanza au zaidi. Kwa Watonga, mwanzoni mwa karne hii, ilikuwa takriban mtu mmoja kati ya kumi. Sensa hiyohiyo ilikuta karibu Mtonga mmoja kati ya watano akiishi chini ya mstari wa umaskini, ilhali kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 12 na kidogo. Wengi wakifika hapo hufunga kitabu: hawa walipenda shule na akiba, wale wameelemewa na mila. Usomaji huo naupinga kwa moyo wangu wote, na sababu zangu nitazieleza.

Tuwatazame kwanza Walithuania walipokuwa maskini.

Katika karne ya 19 nchi yao ilikuwa chini ya tsari wa Urusi. Wakulima waliachiwa huru kutoka mikononi mwa mabwana wa ardhi mwaka 1861, lakini ardhi ya kuwatosha hawakupewa. Miaka ya 1867 na 1868 ikaja njaa. Toka 1864 hadi 1904 serikali ya tsari ilipiga marufuku kuchapa vitabu vya Kilithuania kwa herufi za Kilatini, hata ikabidi vitabu vya sala vichapwe Prussia na kuvushwa mpaka usiku, vikibebwa mgongoni na watu waliojua kwamba wakikamatwa watapelekwa Siberia. Vijana waliokimbia njaa, na waliokimbia kuandikishwa jeshini, walivuka bahari. Wengi walishukia migodi ya makaa ya mawe ya Pennsylvania, kwenye miji kama Shenandoah. Huko, tarehe 10 Septemba 1897, mahali paitwapo Lattimer, askari wa sherifu waliwafyatulia risasi wachimbaji waliokuwa wakiandamana bila silaha, wakaua 19. Walikuwa Wapolandi, Waslovakia na Walithuania.

Wengine walikwenda Chicago, kwenye machinjio makubwa ya Union Stock Yards yaliyofunguliwa mwaka 1865. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ng'ombe alininginizwa kwa mnyororo uliofungwa mguuni, akasukumwa kupita mbele ya safu ya wanaume, kila mmoja na kisu chake na mkato wake mmoja: huyu wa koo, yule wa kuchuna mguu, mwingine wa kutoa matumbo, mwingine wa kupasua uti wa mgongo. Sakafu ilijaa damu, na wakati wa baridi damu hiyo iliganda miguuni mwao. Asiye na ujuzi alipata senti 15 hadi 20 kwa saa, na hata hizo saa hazikuwa na uhakika. Watu walijipanga getini alfajiri, wakangoja mifugo ifike, na muda wa kungoja haukulipwa. Walipogoma mwaka 1904 walishindwa. Upton Sinclair alifika mtaani kwao mwaka huohuo, na riwaya yake The Jungle ya mwaka 1906 ina mhusika mkuu Mlithuania, Jurgis Rudkus. Kitabu kilipotoka, wasomaji walishtushwa zaidi na uchafu wa nyama waliyokuwa wakila kuliko na mateso ya waliokuwa wakiichinja. Sheria ya ukaguzi wa nyama ikapitishwa mwaka huo. Ya kuwalinda wachinjaji haikuja.

Walikaaje? Familia ilipanga nyumba ya vyumba vichache, ikachukua wapangaji wa kulala, kijana juu ya kijana, wengine wakilala mchana na wengine usiku kwa zamu za kazini. Mama wa nyumba aliwapikia na kuwafulia wote. Walichanga kwa ajili ya mazishi na ugonjwa kupitia vyama vyao, na chama kikuu kilianzishwa mwaka 1886. Walichanga kujenga makanisa ya matofali yenye minara mirefu katikati ya vibanda vyao. Wakatuma fedha nyumbani kwa wazee, na nauli kwa ndugu aliyefuata. Muyashike haya ya michango, maana nitayarudia.

Na elimu? Tume ya Bunge la Marekani iliyochunguza uhamiaji, na kutoa ripoti zake mwaka 1911, ilikuta kwamba karibu nusu ya Walithuania watu wazima waliowasili kati ya 1899 na 1910 hawakujua kusoma wala kuandika. Ripoti hizo zilitumiwa kujenga hoja kwamba watu wa namna hiyo wanaishusha hadhi ya taifa. Sheria ya mwaka 1924 ikaibakishia Lithuania nafasi 344 tu kwa mwaka.

Sasa twende Tonga. Elimu ya msingi huko ni ya lazima kisheria tangu 1876. Tupou College, shule ya sekondari ya Wamethodisti, ipo tangu 1866. Watonga wanaojua kusoma na kuandika kwa lugha yao ni karibu wote, na hali hiyo ni ya miaka mingi. Hawakutawaliwa kama koloni. Walikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza kuanzia 1900 hadi 1970, huku mfalme wao akibaki kwenye kiti chake.

Tutue hapa kidogo, kwa sababu ndipo hadithi iliyozoeleka inapovunjika. Waliofika bila kusoma, wajukuu wao leo wana shahada kwa kiwango kinachozidi wastani wa taifa. Waliofika wakiwa wanasoma, wakitoka katika nchi yenye mapenzi makubwa ya shule, watoto wao ndio wanaohesabiwa nyuma. Kama siri ingekuwa tabia ya kupenda kitabu, matokeo yangekuwa kinyume. Yatupasa kutafuta sababu mahali pengine, na mimi naiona katika majira. Walithuania walifika wakati viwanda vinameza mikono ya kila mtu, na watoto wao wakakua wakati dola ya Marekani inagawa mali. Watonga walifika karamu ikiwa imekwisha.

Mwaka 1937 wafanyakazi wa machinjio walianza kujipanga upya, safari hii Mlithuania, Mpolandi na Mweusi wakiwa chama kimoja, na kufikia 1943 walikuwa na umoja wao kamili wa taifa. Mshahara wa kisu ukawa mshahara wa kulea familia. Mwaka 1944 ikaja sheria ya askari waliorudi vitani: serikali iliwalipia ada ya chuo na kuwadhamini kwa mkopo wa nyumba. Mtoto wa mchinjaji aliyekwenda vitani alirudi akawa mhandisi. Juu ya hilo, jamii ilikuwa na vyama vyake vya akiba na mikopo ya nyumba, vilivyoendeshwa na watu waliozungumza lugha ya mteja, na kwa mikopo hiyo mitaa mizima ya nyumba za matofali ilinunuliwa kusini magharibi mwa Chicago. Nyumba hizo zilipanda thamani. Wajukuu walisomeshwa kwa thamani hiyo.

Na zilikuwa nyumba ambazo Mweusi hakuruhusiwa kununua. Hili nalisema waziwazi kwa sababu lisiposemwa mlinganisho wetu utakuwa wa uongo. Askari Mweusi alikuwa na haki ileile katika karatasi, ila benki na halmashauri za mitaa zilimnyima. Tarehe 5 Agosti 1966 Martin Luther King aliongoza maandamano ya kudai haki ya kuishi popote, akapita Marquette Park, mtaa wa Chicago ambao Walithuania walikuwa miongoni mwa wakazi wake wengi. Maelfu ya Wazungu waliwazomea, na jiwe likampiga King kichwani. Siwatwiki Walithuania wote jiwe lile. Ninachosema ni kwamba wale ambao ripoti za mwaka 1911 ziliwaona kama takataka za Ulaya, kufikia 1966 walikuwa wamehesabiwa Wazungu kamili, na hesabu hiyo ilikuwa na faida ya dola na senti.

Kuna jambo jingine linalofichwa na wastani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Warusi wakiwa wameitwaa nchi yao, Walithuania waliokuwa wamekimbilia kambi za Ujerumani walifunguliwa njia na sheria ya wakimbizi ya 1948. Kiasi cha 30,000 waliingia Marekani: walimu, madaktari, wanasheria, wanafunzi wa vyuo vikuu. Walianzia viwandani kama wengine, lakini elimu walikuwa wamekuja nayo kichwani. Valdas Adamkus alifika Chicago mwaka 1949, akafanya kazi kiwandani, akasomea uhandisi, akapanda hadi kuongoza ofisi ya mazingira ya serikali kuu katika majimbo ya Maziwa Makuu. Mwaka 1998 akawa rais wa Lithuania. Watu wa namna yake walianzisha shule za Jumamosi, magazeti, makumbusho na mfuko wa jamii. Katika takwimu, yeye na mjukuu wa mchimbaji wa Shenandoah ni safu moja.

Watonga walianza kuingia kwa wingi baada ya sheria mpya ya uhamiaji ya mwaka 1965. Njia yao kubwa ilikuwa ya dini. Wamormoni walikuwa wamehubiri Tonga tangu 1891, na kanisa lao lilifungua chuo Laie, Hawaii, mwaka 1955, kisha mwaka 1963 kituo cha utamaduni wa Polinesia ambako wanafunzi walilipa ada kwa kucheza ngoma mbele ya watalii. Kutoka Laie walifika Utah, na leo Salt Lake City na West Valley City ni ngome yao. Wengine, wengi wao Wamethodisti, walikwenda San Mateo, East Palo Alto na Oakland, California. Wengine walikwenda Euless, Texas, kupakia mizigo kwenye uwanja mkubwa wa ndege uliofunguliwa mwaka 1974.

Angalieni miaka hiyo. Machinjio ya Chicago yalifungwa 1971. Viwanda vilivyokuwa vikimpa asiye na cheti mshahara wa kununua nyumba vilikuwa vinazimwa kimoja baada ya kingine. Mtonga alikuta kazi za kukata miti, kupanga bustani, kumwaga zege, kulinda magodauni, kuuguza wazee majumbani. Ni kazi za heshima, lakini nyingi hazina chama wala pensheni. Na nyumba? East Palo Alto iko ng'ambo ya barabara kuu kutoka Palo Alto, katikati ya utajiri wa kompyuta. Bei zilipanda hadi familia tatu zikawa zinagawana nyumba moja, na gereji ikawa chumba cha kulala.

Kuhusu hesabu zenyewe sitakawia. Kipato kwa kichwa kinagawanya mapato kwa kila mtu, pamoja na mtoto anyonyaye. Watonga wa Marekani ni vijana mno. Karibu nusu yao wana umri chini ya miaka 25. Wenye asili ya Lithuania wengi wako kwenye kilele cha umri wa kulipwa, au wamestaafu na nyumba zao. Ukipima kaya badala ya kichwa, Watonga hawako mbali na wastani wa nchi, kwa kuwa katika kaya moja wanafanya kazi watu kadhaa. Tena, hadi mwaka 1997 serikali iliwaweka Watonga kundi moja na Waasia, hivyo mtoto wa Tonga aliyekosa chuo alifichwa nyuma ya mtoto wa daktari wa Kihindi. Walithuania kwa upande wao huhesabiwa kwa kujitaja: mwenye bibi mmoja tu wa Kilithuania anaweza kujiandika, na anaweza kuacha.

Nirudi kwenye michango, maana hapo ndipo Watonga wanapolaumiwa zaidi.

Makanisa ya Kimethodisti ya Kitonga yana sadaka kuu ya mwaka iitwayo misinale. Siku hiyo familia huitwa moja moja. Wanasimama na mavazi yao ya heshima, mikeka ya kusuka imefungwa kiunoni, wanatembea hadi mezani wakiimbiwa na kwaya, na kiasi walichotoa kinatangazwa mbele ya watu wote. Familia ya mkata miti inaweza kutoa maelfu ya dola. Ongeza mazishi, ambako mikeka na vitambaa vikubwa vya magome ya mti hutolewa kwa marundo, na dada wa baba hupewa nafasi ya juu katika ugawaji. Ongeza fedha za kwenda visiwani: Tonga ni mojawapo ya nchi zinazotegemea mno fedha za ndugu walio ng'ambo, na katika miaka ya karibuni fedha hizo zimezidi theluthi moja ya pato la taifa.

Wapo wanaosema, na Watonga vijana wenyewe wapo wanaosema, kwamba fedha hizo zingekuwa ada ya chuo. Lawama ya vijana naisikiliza kwa makini. Binti anayeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu mazishi mawili yamekula akiba ya nyumbani ana haki ya kuuliza. Lakini mchumi anayeita gharama hizi upotevu simkubalii. Mwandishi Epeli Hau'ofa, Mtonga aliyefundisha Fiji, alitetea katika miaka ya 1990 kwamba safari za watu wa Pasifiki zimepanua makao yao, na kwamba mali inatembea pande zote mbili. Mtonga anayefika San Bruno, California, bila senti halali nje. Mgonjwa ana wa kumkesha. Anayeanzisha biashara ya bustani hapewi mkopo na benki. Lori la kwanza ananunuliwa na ukoo. Na Walithuania wa mwaka 1900, maskini wa kutupwa, walitoa vilevile kwa kanisa, kwa mazishi, kwa waliobaki nyumbani. Utoaji haukuwazuia wajukuu wao kupanda. Sehemu kubwa ya kilichowapandisha ilitoka nje ya jamii, na Watonga haijawafikia kwa kipimo kilekile.

Msikilizaji wa kwetu mwenye ndugu Minneapolis, Dallas au Muscat anaijua simu ya usiku ya kuombwa mchango wa msiba. Wakongo na Warundi waliopelekwa Utah kama wakimbizi, wengi wao wakizungumza Kiswahili, sasa wako mji mmoja na Watonga hawa. Nao katika fomu ya sensa wamemezwa na kundi kubwa la Weusi kiasi kwamba hali yao haisomeki.

Kuna uwanja mmoja ambamo jamii hizi mbili zinafanana waziwazi, nao ni futiboli ya Kimarekani. Johnny Unitas, mmoja wa wachezaji wakubwa kuliko wote wa miaka ya 1950 na 1960, alizaliwa Pittsburgh mwaka 1933 katika familia ya Kilithuania, akafiwa na baba akiwa na miaka mitano. Dick Butkus alizaliwa Chicago 1942; baba yake, mhamiaji kutoka Lithuania, alikuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha mabehewa, mama yake akifanya kazi dobi. Leo nafasi hiyo wameishika Watonga. Vai Sikahema, mzaliwa wa Nuku'alofa, aliingia ligi kuu mwaka 1986, Mtonga wa kwanza, na wamemfuata wengi mno kwa watu wachache hivyo. Shule ya Trinity ya Euless ilitwaa ubingwa wa Texas 2005, 2007 na 2009, wachezaji wake wakianza mechi kwa ngoma ya vita ya Polinesia. Nafurahi ninapowaona, na naogopa pia. Kwa Walithuania, mpira ulikuwa njia mojawapo wakati kiwanda, chuo na mkopo wa nyumba vilikuwa njia nyingine. Kijana wa Kitonga anaambiwa tangu darasa la sita kwamba mwili wake ndio ada yake. Goti likivunjika, ada imekwisha.

Mwaka 2020 gharama ya mpangilio huu ilionekana. Katika majimbo ya Utah na California, watu wa visiwa vya Pasifiki walikuwa miongoni mwa walioambukizwa korona kwa viwango vya juu kuliko wote. Kazi zao hazikufanyika kwa kompyuta nyumbani, na nyumba zao zilikuwa na babu, wazazi na watoto pamoja.

Mkitaka mlinganisho wa haki, msiwaweke Watonga wa leo kando ya Walithuania wa sensa nzima. Uko mwingine ulio karibu zaidi. Tangu Lithuania ijitangazie uhuru mwaka 1990, wimbi la tatu limeingia Chicago. Wengi wamesoma, na wengi wanaendesha malori ya masafa marefu, wanajenga, wanasafisha nyumba, wanalea wazee wa watu wengine. Mwanamke wa Kaunas anayelala kwenye nyumba ya kikongwe mwenye kusahau katika kitongoji cha Chicago, na mwanamke wa Nuku'alofa anayefanya kazi hiyohiyo San Mateo, wanatuma fedha nyumbani wiki ileile na kuulizwa makaratasi yaleyale. Kipato chao, saa zao za kazi na shule za watoto wao vingeweza kupimwa kwa kipimo kimoja bila kumdhulumu yeyote. Hadi sasa yule wa kwanza amefichwa ndani ya wastani wa Walithuania laki sita na ushei, ambao wengi wao mababu zao walifika kabla ya 1914, na anahesabiwa kuwa amefanikiwa.